Mashine niliyopewa ili nilale ndiyo inayonikesha

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Nimekuwa nikiisoma safu hii kimya kimya, leo nimeona na mimi nilitoe langu, maana nimechoka, na uchovu wenyewe ndio shida yangu.

Nina umri wa miaka 51, nimeolewa, na watoto wetu wameshakuwa watu wazima. Nimekoroma miaka mingi. Nyumbani walikuwa wakinitania tu, mpaka mume wangu alipoanza kuniambia kwamba usiku mkoromo unakatika ghafla, kifua kinahangaika bila pumzi kupita, halafu navuta hewa kwa kishindo na kuendelea kulala. Mimi sikuwa na habari. Nilichokijua ni kwamba naamka na kichwa kizito, nasinzia vikaoni, na presha ya damu haishuki vizuri ingawa dawa nameza. Nikafanyiwa kipimo cha usingizi. Majibu yakaonyesha kwamba pumzi yangu hukatika au kupungua mara 34 kwa saa. Daktari alisema hali hiyo ni kali, akaniandikia mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye barakoa ili koo lisizibe.

Nilifika nayo nyumbani nikiwa na furaha. Nilijua shida imekwisha.

Mshauri, tangu siku hiyo sijalala. Barakoa yangu inafunika pua na mdomo. Nikiiwasha, hewa inaingia kwa nguvu, na kutoa pumzi ni kazi, kama kupuliza puto lisilotaka kujaa. Nikigeuka ubavu, ambao ndio mlalo wangu wa siku zote, barakoa inasogea na upepo unanipiga machoni. Nimekaza mikanda mpaka ngozi ya juu ya pua imechubuka, lakini upepo bado unavuja. Asubuhi koo limekauka na tumbo limejaa hewa, nabeua na kujamba mpaka naona aibu kukaa na watu. Nikibahatika kupata usingizi, ikifika saa nane usiku nashtuka, naivua. Siku nyingine naikuta imelala pembeni asubuhi na sikumbuki nimeivua saa ngapi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mume wangu akisikia mkoromo umerudi anawasha taa, anaiokota barakoa na kunivisha. Mwanzoni nilimshukuru. Sasa naona nimepata askari. Juzi nilimsukuma mkono, akaniambia, "Unataka moyo ukusimamie kitandani, mimi niwaambie nini watoto?" Nikamjibu kwamba bora nife nikiwa nimelala kuliko kuishi hivi. Hakunijibu. Tangu hapo tunasalimiana tu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nikijitazama kwenye kioo nimevaa ule mpira, najiona mgonjwa wa chumba cha mahututi, siyo mke wa mtu. Jioni ikifika, nikikitazama kitanda tu, moyo unaanza kwenda mbio.

Rafiki yangu amenipa vidonge vya usingizi alivyoandikiwa yeye, anasema vitanisaidia kuizoea. Bado sijavimeza. Zamani hata kama nilikoroma, nilikuwa nikiweka kichwa kwenye mto saa nne na kuamka saa kumi na moja. Sasa nimechoka kuliko kabla ya tiba. Je, niendelee kujitesa, niirudishe mashine, au nihamie chumba cha pili ili kila mtu apate amani yake?

Anayekesha

*

Dada yangu Anayekesha,

Pole sana. Kukosa usingizi ni mateso, na kukoseshwa usingizi na kitu ulichopewa kikutibu kunauma zaidi. Tena hujalalamika ovyo. Umeeleza kwa usahihi ambao daktari yeyote angeufurahia: nini kinavuja, wapi panachubuka, saa ngapi unashtuka. Hiyo ni kazi kubwa umeshaifanya, nasi tutaitumia.

Ninavyokuelewa, mwili wako unaikataa mashine, mume wako anakulazimisha kwa sababu anaogopa, na wewe umebaki katikati ukijiona umepoteza usingizi, amani ya ndoa na hata sura yako mbele ya mwenzio. Umeyafunga yote katika swali moja: niendelee, niache, au nihame? Naomba tuyafungue kidogo kabla ya kulijibu, kwa sababu yanatibiwa kwa njia tofauti.

Nianze na hili ulilolisema mwishoni, kwamba zamani ulikuwa ukilala kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja. Ulikuwa kitandani muda huo, ndiyo. Lakini mara 34 kwa saa maana yake kabla dakika mbili hazijaisha, pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka, na ubongo unakuamsha kidogo ili koo lifunguke. Kuamka kwenyewe ni kwa muda mfupi mno, hukumbuki. Ndiyo maana ulisinzia vikaoni. Tofauti ya sasa ni kwamba unaamka na unajua umeamka. Sisemi hivyo ili kupuuza usiku unaoupitia. Nadhani umebeba mizigo yote miwili: saa za mwanzo barakoa inakuamsha, na baada ya saa nane, ukiisha kuivua, koo linaziba tena kama zamani. Kuna jambo jingine. Usingizi wa ndoto huwa mwingi zaidi kuelekea alfajiri, na kwa watu wengi ndio wakati misuli ya koo inapolegea zaidi na pumzi kukatika vibaya zaidi. Unaivua mashine wakati unapoihitaji zaidi. Si ajabu umechoka kuliko mwanzo.

Kwa hiyo, unaposema "tiba hii imeniongezea uchovu", ningekuuliza taratibu: je, umeshaipata tiba yenyewe, au mpaka sasa umepata usumbufu wake tu?

Halafu naona mahali fulani umeamini kwamba wewe ndiye uliyeshindwa. Colin Sullivan na wenzake wa Australia walipochapisha habari za tiba hii mwaka 1981, barakoa za mwanzo zilibandikwa kwenye pua ya mgonjwa kwa gundi ya silikoni, usiku baada ya usiku. Tangu wakati huo, sehemu kubwa ya kazi ya watengenezaji imekuwa kumfanya binadamu aweze kuivumilia hewa ile na kile kinachoishikilia usoni. Wangefanya hivyo kwa nini kama kila mtu angeizoea kirahisi? Wapo wanaoizoea siku chache, wapo wanaohitaji miezi. Na malalamiko yako karibu yote yana chanzo kinachojulikana.

Chukua huo upepo wa machoni. Kukaza mikanda ndilo jambo ambalo mtu hulifanya kwanza, na mara nyingi ndilo linaloharibu: mpira laini wa barakoa unakunjamana ukibanwa, unapoteza uwezo wa kukaa vizuri usoni, na ngozi inaumia bure. Barakoa hurekebishwa ukiwa umelala, mashine ikiwa inapuliza, katika mlalo wako halisi wa ubavu. Unailegeza kwanza, unaivuta mbele kidogo ili ijikalishe upya, ndipo unakaza kiasi cha kuzuia uvujaji tu. Lakini kwako nashuku tatizo ni zaidi ya mikanda. Barakoa inayofunika pua na mdomo ni kubwa, na mtu anayelala ubavu huisukuma kwa mto. Zipo za pua peke yake, na zipo zenye vifuniko vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya pua bila kugusa kabisa juu ya pua yako iliyochubuka. Uliza kwa nini ulipewa hii. Pengine ulipimwa ukaonekana unapumua kwa mdomo, au pua yako huziba. Kama ni pua, basi pua nayo itibiwe, kwa maji ya chumvi ya kusafishia au dawa ya mzio atakayochagua daktari, na mlango wa kutumia barakoa ndogo unafunguka. Na ile ngozi iliyochubuka usiiache, kwa sababu kidonda kikishakuwepo hakuna barakoa utakayoivumilia.

Koo kukauka mara nyingi kunatokana na hewa kupotea mdomoni, au na hewa yenyewe kuwa kavu. Mashine nyingi zina tangi la maji linalopasha hewa joto na kuitia unyevu. Je, lako unalitumia, na umewahi kuongeza kiwango chake? Ukiongeza ukasikia maji yanagugumia kwenye mpira, weka mashine chini kuliko kichwa chako na upitishe mpira chini ya shuka usipoe. Maji yabadilishwe kila siku, na watengenezaji wengi wanapendekeza yaliyochemshwa na kukusanywa kutoka kwenye mvuke.

Tumbo nalo. Wala usione aibu, wenzako wengi wanalipata ila hawalisemi. Unameza hewa. Mara nyingine ni kwa sababu shinikizo ni kubwa kuliko unavyohitaji, mara nyingine ni kwa sababu unahangaika na pumzi na kumeza kila mara. Kuinua kichwa cha kitanda husaidia baadhi ya watu. Zaidi ya hapo ni kazi ya kliniki. Shinikizo la mashine hizi hupangwa kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Zipo zinazobaki kwenye kiwango kimoja usiku kucha, na zipo zinazopanda na kushuka zenyewe kulingana na koo lako. Nyingi zina mpangilio unaopunguza shinikizo kila unapotoa pumzi, na mwingine unaoanza chini na kupanda polepole wakati unatafuta usingizi. Kule kupambana kutoa pumzi ulikokueleza kunanifanya nijiulize kama mipangilio hii imewashwa kwako. Shinikizo lenyewe usilibadilishe kwa kubahatisha, lakini hiyo ya kukupa nafuu una haki ya kuidai.

Nenda kliniki kabla ya siku uliyopangiwa. Mashine yako huenda inatunza kumbukumbu: saa ulizoivaa, kiasi cha hewa kilichovuja, na mara ngapi pumzi bado inakatika ukiwa umeivaa. Omba uonyeshwe namba hizo tatu na uelezwe maana yake. Kama uvujaji ni mkubwa, mjadala ni wa barakoa. Kama uvujaji ni mdogo lakini pumzi bado inakatika sana, mpangilio wa mashine hautoshi, na wapo watu wachache ambao mashine yenyewe huwaletea aina nyingine ya kukatika kwa pumzi inayohitaji kuchunguzwa. Na utakaposikia habari za kuivaa mashine kwa muda wa saa 4 kila usiku, jua kwamba hicho ni kipimo kinachotumika kuhesabu nani anaitumia vya kutosha. Kadiri saa zinavyoongezeka, ndivyo kusinzia mchana kunavyopungua kwa watu wengi.

Sasa moyo kwenda mbio unapokitazama kitanda. Hili ndilo lililonigusa zaidi, maana barakoa nzuri peke yake haitalimaliza. Kitanda chako kimejifunza kukutisha. Jaribu kuitoa barakoa chumbani. Mchana, ukiwa umekaa unasikiliza redio au unatazama televisheni, ishike usoni kwa mkono bila mikanda, upumue, uiondoe unapotaka. Siku nyingine ifunge mikanda. Halafu unganisha mpira na uwashe hewa. Usipande hatua inayofuata mpaka hii uliyopo iwe ya kawaida, na kila mara wewe ndiye uamue kuivua, ili mwili ujue kwamba mlango uko wazi. Usiku panda kitandani usingizi unapokuja tu, na ukikaa macho muda mrefu, toka, kaa mahali penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia, uivae upya. Kama hata kabla ya mashine usingizi ulikuwa ukikusumbua kuja, mwambie daktari. Kukosa usingizi na kukatika kwa pumzi huweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja, na kuna tiba ya mazungumzo ya kurekebisha usingizi ambayo haihitaji kidonge.

Vidonge vya rafiki yako, tafadhali, virudi kwake. Najua alikupa kwa upendo. Lakini dawa nyingine za usingizi, kama pombe, hulegeza misuli ya koo na kuchelewesha ule mshtuko unaokufanya uvute pumzi. Usiku ambao utaivua barakoa bila kujua, kidonge hicho kinaweza kukuacha pabaya. Zipo dawa ambazo daktari huweza kumpa mtu kwa muda mfupi anapoizoea mashine. Mwache achague anayejua majibu ya kipimo chako.

Na kama umejaribu yote haya na mashine bado imekukataa? Basi kuna mazungumzo mengine, na kuyaanzisha si usaliti. Kipo kifaa cha mdomoni kinachotengenezwa na daktari wa meno, kinachosogeza taya la chini mbele. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa hali nyepesi na ya wastani. Kwa mtu ambaye pumzi yake hukatika mara 30 kwa saa na kuendelea kama wewe, huweza kupunguza tatizo bila kulimaliza, na taya au meno yanaweza kusumbua, lakini kifaa anachokivaa mtu usiku kucha kina thamani kuliko mashine iliyo kabatini. Kupunguza uzito huwasaidia sana wale ambao uzito ni sehemu ya chanzo, na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa watu wazima wenye unene uliokithiri na tatizo hili la wastani au kali. Upo upasuaji wa aina mbalimbali. Hakuna hata moja kati ya hizi ninayoweza kukuambia itakufaa, na nyingi huchukua muda, ambao utahitaji kinga nyingine ukisubiri. Ukirudisha mashine bila kuwa na kitu badala yake, koo litaanza kuziba upya mara moja. Hapo hatari ninayoihofia zaidi ni kusinzia. Kama unaendesha gari, usiendeshe siku ambazo macho ni mazito, iwe umeirudisha mashine au la.

Sasa nije kwa mumeo. Anaposema moyo utasimama, anasema kinachomtisha, na kina msingi: tatizo hili likiwa kali huandamana na presha ya damu na maradhi ya moyo. Ila picha si rahisi kama anavyoiona saa nane usiku. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu ambao tayari walikuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, na haukuona kwamba mashine ilipunguza shambulio la moyo au kiharusi. Wengi wao waliivaa muda mfupi, wastani wa saa 3.3 kwa usiku, hivyo mjadala haujafungwa. Hata hivyo kusinzia kwao mchana kulipungua, na hali yao ya hisia ikawa nzuri zaidi. Nakuambia haya ili usiivae kwa kutishwa na kifo. Ukiivaa, ivae kwa sababu unataka mchana wako urudi.

Yeye naye amekuwa akikusikiliza ukikata pumzi miaka yote hiyo wewe ukiwa umelala. Aliyesikia ni yeye. Umewahi kumuuliza ilikuwaje, kulala pembeni akisubiri uvute pumzi inayofuata? Naye, amewahi kukuuliza ukiwa ndani ya barakoa hiyo unasikia nini? Zungumzeni mchana, si baada ya taa kuwashwa. Yale maneno kwamba bora ufe, sidhani uliyakusudia, lakini yeye aliyabeba. Na kama kuna siku unayakusudia kweli, mwambie yeye na mwambie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu uchovu mrefu huweza kuishusha roho ya mtu mpaka pabaya, nako kunatibika.

Kisha mpe kazi nyingine. Aende nawe kliniki aeleze anachokisikia. Akusaidie kurekebisha barakoa ukiwa umelala ubavu, maana yeye anaona uvujaji usiouona. Na mkubaliane kuhusu usiku: huenda mtaamua akuguse bega mara moja, na kuivaa au kutoivaa kuwe juu yako. Je, ataweza? Pengine si usiku wa kwanza. Kuhusu sura yako ukiwa umevaa mpira, hukuniambia kama yeye amewahi kusema neno. Uliyejitazama kwenye kioo ni wewe. Ningetamani usikie jibu lake kabla hujamjibia.

Chumba cha pili sikipingi wala sikikusukumi huko. Wapo wanandoa waliolala mbalimbali kwa muda, kila mmoja akapumzika, wakarudiana wakiwa na uvumilivu zaidi. Wapo pia ambao mlango ulipofungwa, mashine iliwekwa chini ya kitanda na hakuna aliyejua. Mkienda njia hiyo, semeni ni kwa muda gani, na mashine uende nayo. Na nani atajua barakoa ikitoka usoni? Hilo ni la kupanga ninyi wawili, kabla ya kubeba mto.

Niandikie baada ya kliniki. Ningependa kujua namba ya uvujaji ilisema nini, na mume wako alikujibu nini.

Mshauri wako